Gereji ya haibridi Isevya, Tabora: fundi aliyeokoa Aqua yangu

Kama uko Tabora na una gari ya haibridi (inayotumia mafuta na umeme) soma hii kabla hujatoa hela yako kwa mtu.

Mimi nina Toyota Aqua, nilichukua skendi hendi, na kazi yangu inanipeleka Urambo na Sikonge kila wiki. Mwezi uliopita ikaanza kukosa nguvu, unakanyaga mafuta gari inajivuta tu, halafu pembetatu nyekundu ikawaka kwenye dashibodi. Gereji ya kwanza (jina naliacha) wakafungua boneti, wakabadilisha plagi, wakabadilisha oili, siku ya tatu wakaniambia injini imekufa nitafute nyingine. Niliumia jamani, hela yenyewe ya kuunga unga.

Shemeji ndo akanipeleka kwa huyu fundi wa Isevya. Ni uwanja tu una uzio wa mabati na mwembe mmoja mkubwa, usitegemee ofisi. Ila cha kwanza hakugusa boneti kabisa, akaenda siti ya nyuma akafungua pale feni ya betri inapovuta hewa, vumbi limejaa utadhani mtu kamwaga unga wa muhogo! Akaniambia, "Dada, betri haipumui. Ikichemka kompyuta inaibana mota ya umeme, sasa wewe unaona kama injini imechoka. Hii gari ukiiita injini tu utadanganywa kila siku."

Na hapo ndo nikajua ni mpenzi wa mbio za magari za Formula 1 kama mimi, tukakaa kwenye ndoo tukaongea saa nzima huku kijana wake anapuliza vumbi.

Alivyonieleza ni hivi, na mimi nakubaliana naye moja kwa moja. Mpaka 2013 gari za Formula 1 zilikuwa na injini kweli, V8 (silinda nane) ya lita 2.4 bila tabo chaja (ile feni inayosukuma hewa kwenye injini), inazunguka mara 18,000 kwa dakika. Ile KERS (mfumo wa kuokota nguvu ya breki) iliyoingia 2009 ilikuwa kama mzigo wa kwenye keria, inakupa kilowati 60 kwa sekunde 6 na kitu kila mzunguko basi, hata 2010 timu zote zikaiacha na mbio zikaendelea vizuri tu. 2014 ndo mambo yakabadilika, V6 ya lita 1.6 yenye tabo na mota mbili za umeme, na sheria ikasema mafuta yasizidi kilo 100 kwa saa. Ukishabanwa mafuta hivyo huwezi kuongeza nguvu kwa kuchoma zaidi, lazima uokote kilichokuwa kinapotea. Mota ya kwanza, MGU-K, inachota nguvu gari ikifunga breki, ya pili, MGU-H, imekaa kwenye shafti ya tabo inachota nguvu ya moshi wa moto unaotoka, na pia inaizungusha tabo dereva akikanyaga ghafla ili isichelewe kuamka. Ndo maana hawasemi injini tena, wanasema pawa yuniti, injini ni kiungo kimoja tu humo ndani, ukitoa kimoja vingine vyote vinayumba. Watu walilalamika sauti imepoa, na mimi ile sauti ya V8 naikumbuka mpaka leo, lakini ule ufundi wa 2014 kwangu ndo mkubwa zaidi. Sheria za 2026 zimeitoa MGU-H, na MGU-K imepanda kutoka kilowati 120 mpaka 350, yaani umeme unakaribia nusu ya nguvu yote.

Turudi kwenye Aqua. Alipima moduli (vipande vinavyounda betri) zote 20 moja moja, mbili zikawa zimechoka, akaagiza Dar zikafika siku ya nne. Zile chakavu akanirudishia mkononi nizione, hicho nilikipenda sana. Kusafisha feni na kupima alinichaji elfu 60, moduli nikalipa pembeni. Sasa gari inavuta kama zamani na injini ni ileile iliyoambiwa imekufa.

Ubaya upo. Hakuna pa kukaa zaidi ya zile ndoo, risiti mpaka uombe, na anapokea gari chache kwa siku kwa hiyo wahi saa moja asubuhi. Mwambie mapema kama unapita barabara za vumbi, atakuonyesha kusafisha chujio la feni ya betri mwenyewe, mimi sasa nalifungua kila nikirudi kutoka Urambo.