Uzoefu wangu na mafuta ya mtiki kwenye viti na meza za nje

Nayapa nyota tatu kati ya tano. Mafuta yenyewe si mabaya. Tatizo ni kwamba kopo linaahidi kazi ambayo hayaiwezi. Nimeyapaka kwenye meza na viti vya mtiki vinavyokaa nje mwaka mzima, juani na mvuani. Rangi yake inapendeza kwelikweli: kahawia iliyokolea, nyuzi za mbao zikionekana wazi, bila ule utando wa vanishi ambao baadaye hubanduka vipandevipande. Lakini kopo linadai kwamba yanalinda mbao dhidi ya hali zote za hewa, na hapo ndipo nisipokubaliana nalo.

Mafuta haya hayakamuliwi kutoka kwenye mtiki. Kwa kawaida ni mafuta ya kitani au ya tung (yanayokamuliwa kutoka mbegu za mti uitwao tung) yaliyochanganywa na kiyeyushi, na pengine vanishi kidogo. Mtiki una mafuta yake ya asili ndani, ndiyo maana hauozi upesi hata usipopakwa chochote. Kinachobadilika ni uso wake: miale ya urujuanimno ya jua huvunja lignini, yaani kitu kinachoshikilia nyuzi za mbao pamoja, kisha mvua huosha mabaki na mbao hugeuka kijivu. Mafuta yasiyo na rangi wala kizuizi cha miale hiyo huchelewesha tu. Kiti kilicho chini ya paa hudumu na rangi yake muda mrefu. Uso wa meza iliyo juani kutwa huanza kupauka baada ya miezi michache. Kama kijivu hakikusumbui, osha mbao na uziache hivyo hivyo. Hazitakufa.

Kwa anayetaka rangi, sehemu kubwa ya kazi iko kwenye maandalizi. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo, ukisugua kwa brashi laini kufuata nyuzi. Mashine ya kuoshea kwa presha iache kabisa: inachimba sehemu laini za mbao na kuacha matuta yatakayohitaji msasa mwingi. Usisugue pia kwa waya wa chuma wa masufuria. Chembe zake hunasa kwenye mbao na, zikilowa, huacha madoa meusi. Madoa ya aina hiyo hutolewa kwa asidi oksaliki, gramu 80 hadi 100 kwenye lita 1 ya maji ya moto; ipake, iache dakika 15 hadi 20, kisha suuza kwa maji mengi. Vaa glavu na miwani, na kamwe usiichanganye na dawa ya klorini, kwani hutoa gesi yenye sumu.

Acha mbao zikauke siku mbili au zaidi mahali penye upepo. Piga msasa namba 80 palipoharibika, halafu namba 120, uishie hapo. Ukiendelea hadi namba za juu sana, uso unakuwa laini mno na mafuta hayapenyi vizuri. Futa vumbi lote.

Paka kivulini. Juani kiyeyushi huruka kabla mafuta hayajazama. Koroga kopo, paka mkono mwembamba kwa brashi au kitambaa cha pamba, subiri kama dakika 15, halafu futa yote yaliyobaki juu, hata kama unaona unayatupa. Hatua hii ndiyo inayorukwa sana, na ndiyo chanzo cha malalamiko kwamba kiti kinanata. Mafuta yaliyobaki juu hukauka nusunusu, yananasa vumbi na kugeuka utando mweusi. Ikishatokea, kitambaa chenye tapentaini huondoa kama bado ni mapya. Yakishakomaa ni msasa tu. Mkono wa pili nasubiri hadi kesho yake. Ncha za miguu zinahitaji zaidi, kwa sababu nyuzi zilizokatwa hunyonya maji kutoka sakafuni. Zipake mpaka zisinywe tena.

Jambo jingine ambalo kopo halisemi: mafuta ya kitani ni chakula cha kuvu. Kwenye msimu wa mvua, mbao zilizopakwa mafuta mengi hutoka vidoti vyeusi vingi kuliko zile ambazo hazijapakwa. Kwa hiyo paka kiangazi kinapoanza, si siku chache kabla ya mvua. Turubai la plastiki lililobana viti huzidisha tatizo, maana unyevu hauna pa kutokea. Kava iwe ya kitambaa kinachopitisha hewa, isiguse ardhi.

Anayetaka rangi idumu bila kurudia mara kwa mara atafute dawa ya mbao za nje yenye rangi kidogo na kizuizi cha miale ya jua. Isikae juu ya mafuta mabichi, haitashika. Ondoa kwanza kwa msasa.

La mwisho, na ni la hatari: vitambaa ulivyofutia mafuta usivikunje wala kuvitupa vikiwa rundo. Mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto, na rundo linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Vitandaze kimoja kimoja nje mpaka viwe vikavu na vigumu, au viloweke kwenye ndoo ya maji. Mafuta yaliyobaki yahamishie kwenye chupa ndogo uijaze hadi juu, kwani hewa iliyo ndani ya kopo nusu hutengeneza ngozi nene juu ya mafuta.