Kibali cha FAA cha kutua Marekani: hati nzuri, safari ndefu kuifikia

Shirika la ndege la kigeni linalotaka kupeleka abiria Marekani hupita katika ofisi tatu: Wizara ya Uchukuzi hutoa haki ya kufanya biashara, TSA (idara ya ulinzi wa usafiri) hukagua mpango wa ulinzi, na FAA (mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani) hutoa masharti ya uendeshaji chini ya Sehemu ya 129 ya kanuni zake. Ninayoitathmini hapa ni huduma ya FAA, kwa kuwa ndiyo inayomgusa rubani anapoikaribia njia ya kurukia.

Sifa yake kubwa ni uwazi wa hati. Fungu C lote la masharti hayo linahusu viwanja na taratibu za kutua: aya ya C052 huruhusu kutua kwa kufuata vyombo vya urubani katika hali ya kawaida, na anayetaka kutua katika ukungu mzito huhitaji C060. Kwa vipimo vya kimataifa, daraja la kwanza la kutua, ambalo ndilo la hali ya kawaida, humtaka rubani awe ameiona njia au taa zake kabla ya kushuka chini ya futi 200, na uwezo wa kuona kwenye njia usipungue mita 550, ilhali daraja la pili hushusha vipimo hivyo hadi futi 100 na mita 300. Kwa hiyo ndege yenye mitambo ya kujitua yenyewe inaweza kufika JFK, kiwanja cha ndege cha New York, asubuhi ya ukungu, ikakosa aya hiyo moja, ikabaki kuzunguka angani au kuelekea kiwanja kingine huku nyingine zikishuka kwenye njia ya 4R.

Hata hivyo, karatasi ina mipaka yake. Katika utaratibu maarufu wa kutua JFK uitwao Canarsie, rubani anayetua kwenye njia ya 13L hufuata taa za ardhini na kukata kona ya kulia akiwa chini kabisa. Hapo kinachomwokoa ni mafunzo.

Kanuni inataka ombi liwasilishwe siku 90 kabla ya safari, muda ambao si mbaya. Kazi kubwa iko nyumbani, kwani FAA haimpi mgeni vipimo vya chini kuliko alivyoruhusiwa na mamlaka ya nchi yake, na nchi yenyewe lazima iwe Daraja la Kwanza la usimamizi wa usalama (lisichanganywe na lile la ukungu). Kenya ililipata Februari 2017. Kenya Airways ikaanza safari za moja kwa moja kwenda New York Oktoba 2018.

Kibali cha EASA (wakala wa usalama wa anga wa Ulaya), kinachotumika katika nchi zote za Umoja wa Ulaya, kina urahisi wa ombi moja, lakini kukikosa kuna gharama: Air Tanzania ilizuiwa Desemba 2024, na Juni 2025 zuio likayafikia mashirika yote yaliyoidhinishwa Tanzania.

Kwa shirika linaloanza, ningeshauri C060 iombwe pamoja na C052 tangu mwanzo, hasa kama ratiba inaifikisha ndege New York alfajiri.