Kipima mvua cha plastiki cha milimita 40: misimu mitatu uani kwangu Muheza

Hapa Muheza, kuanzia mawingu ya kwanza ya vuli hadi masika inapokatika, salamu haziishi bila swali la mvua. "Huko kwenu ilifika?" huulizwa kijiweni kabla kahawa haijamiminwa, na majibu ni yaleyale ambayo kila mtu anayo mdomoni: ilinyesha sana, ilinyesha kidogo, yalikuwa manyunyu tu, au ilipita upande. Nilinunua kipima mvua baada ya masika ya 2024, msimu ambao kimbunga Hidaya kiliifikia pwani ya Tanzania mwanzoni mwa Mei, kwa sababu nilikuwa nimechoka kusikia majibu hayo yakigongana kila asubuhi pasipo kitu cha kuyapatanisha. Nimekitumia kwa misimu mitatu sasa, na ninaona ni haki nieleze uzuri wake pamoja na kasoro yake moja kubwa, ambayo mnunuzi anapaswa kuijua kabla hajatoa fedha.

Kifaa chenyewe ni chombo cha plastiki angavu kilichochongoka kwa chini. Mdomo wake una kipenyo cha sentimita 8, na namba zake zinapanda kutoka 1 hadi 40. Umbo hilo la kuchongoka lina maana yake: mvua ya milimita 1, ambayo ndani ya ndoo isingeonekana kabisa, humo hupanda kiasi cha kusomeka bila kukaza macho. Kinakuja na kishikizo na skrubu mbili. Nilikipata kwa shilingi 15,000 katika duka la pembejeo mjini Tanga, ambako muuzaji alinihudumia vizuri, ingawa hakukuwa na maelezo yoyote ya namna ya kukifunga.

Ukosefu huo wa maelezo si jambo dogo. Kwa mwezi mzima wa kwanza kipima mvua changu kilikuwa kwenye nguzo ya baraza, na kilisoma namba za ajabu kwa sababu matone ya upenuni yalikuwa yakirukia ndani yake. Baadaye nilisimamisha nguzo yake peke yake katikati ya uani, mbali na mwembe. Kanuni inayofaa ni kwamba umbali kutoka kwenye mti au ukuta uwe angalau mara mbili ya kimo cha mti au ukuta huo. Mdomo unapaswa kulala sawasawa, na kwa hilo niliazima pima maji ya fundi mwashi, kwa kuwa kipima mvua kilichoinama hupokea pungufu au zaidi kufuatana na upande unaotokea upepo. Mwenye duka anayeuza vifaa hivi angewatendea wateja wake wema mkubwa kama angechapisha maelezo hayo kwa Kiswahili kwenye nusu karatasi.

Kabla sijaziamini namba zake nilikijaribu kwa maji. Mvua ya milimita 1 maana yake ni lita 1 ya maji juu ya kila mita moja ya mraba. Kwa mdomo wa kipenyo cha sentimita 8, hesabu inatoa kwamba mililita 50 zinapaswa kusomeka kama milimita 10. Nilichukua bomba la sindano la mililita 10, nikamimina mara tano, na maji yakasimama kidogo tu juu ya mstari wa 10. Nikarudia hadi 20, kisha 30, na tofauti haikuzidi nusu milimita. Kwa bei ile sikutegemea usahihi wa namna hiyo, na katika jambo hili kifaa kinastahili sifa bila kusitasita.

Faida yake kubwa, hata hivyo, niliiona kijiweni. Katika Novemba ya vuli yake ya kwanza ilinyesha usiku kucha, na kulipokucha mzee mmoja ambaye nyumba yake imeezekwa kwa bati alieleza kwamba hajasikia mvua kama ile tangu El Niño ya 1997. Jirani yake wa kiambo kimoja, ambaye bado anaishi chini ya makuti, alisema yeye alilala salama na kwamba yalikuwa manyunyu. Nilikwenda kusoma kipima mvua saa tatu asubuhi, saa ileile ambayo vituo vya hali ya hewa husoma vyao, nikarudi na jibu la milimita 11. Wote wawili walikuwa wamesema kweli. Mvua ya milimita 11 inayoshuka polepole kwa saa saba juu ya bati ni kelele ya kumkosesha mtu usingizi, na juu ya makuti karibu haisikiki. Tangu siku hiyo mzee yule akiniona hutangulia kuuliza, "Mwanangu, leo imesema ngapi?" na siku hizi hubahatisha namba yake kabla sijamjibu, akikosea kwa milimita mbili au tatu.

Jambo hilo limebadilisha lugha yetu ya mvua. Zamani Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilipotoa tahadhari ya mvua kubwa, yaani mvua inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24, maneno hayo yalipita kijiweni kama tangazo la watu wengine, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuweka milimita 50 machoni pake. Sasa watu wanajua kwamba ule usiku wa bati ulikuwa 11 tu, kwamba mvua iliyojaza mtaro wa sokoni mwezi Machi ilikuwa 34, na kwamba hiyo ya kutahadharishwa ni zaidi ya hapo. Nilipompigia mzee hesabu kwamba milimita 25 juu ya eka moja ni zaidi ya lita 100,000 za maji, alinyamaza kwa muda, kisha akauliza maji yote hayo huwa yanakwenda wapi, na mazungumzo ya asubuhi ile yakahamia kwenye makinga maji ya shambani, mada ambayo haikuwa imeguswa pale kwa miaka.

Shangazi yangu, ambaye ana shamba la machungwa kiasi cha kilomita nne kutoka kwangu kuelekea milimani, alinunua cha kwake aina ileile, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini "ilipita upande" ni jibu la haki kabisa. Alasiri moja ya Desemba tuliona wingu moja, tukasikia radi moja, na yeye akapata milimita 26 ilhali mimi nilipata 3. Mvua za vuli huku mara nyingi hutoka kwenye mawingu yaliyojitenga, na mtu anayeamua kupanda mahindi ya shambani kwa sababu uani kwake kumelowa anapanda kwa mvua ya mahali pengine. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye shamba la mbali ni kukifunga huko shambani, si nyumbani, ikiwa kuna mtu wa kukilinda na kukisoma. Mwaka uliofuata nilichimba kwa jembe asubuhi baada ya mvua ya milimita 8 na nikakuta udongo mkavu chini ya kina cha kidole. Watu watatu walikuwa wamekwisha kupanda, kwa sababu harufu ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi humtoa mtu ndani. Mbegu zao ziliota, kisha zikaungua kwa wiki mbili za jua lililofuata. Sikuwa nimewaambia namba kwa wakati, na hilo bado linaniuma.

Kifaa hiki hakitamwambia mtu sababu ya msimu kwenda kombo, wala hakitamwambia kesho kuna nini, na ni vizuri kulisema hilo waziwazi kwa sababu baadhi ya majirani walikitazamia kama mganga. Kijiweni kila mvua isiyo ya kawaida huitwa El Niño, jina ambalo kwa kweli ni la kupanda kwa joto la maji ya Bahari ya Pasifiki. Mvua za Oktoba 2019, zilizokata barabara upande wa Handeni, nazo huitwa hivyo hadi leo, ingawa chanzo chake kikubwa kilikuwa katika Bahari ya Hindi yetu wenyewe, ambako maji ya upande wa Afrika Mashariki yalikuwa na joto kuliko kawaida na yale ya upande wa Indonesia yalikuwa yamepoa. Vuli ya 2023 ilikuwa na mambo yote mawili kwa pamoja, El Niño ya Pasifiki na joto hilo la Bahari ya Hindi, nasi tuliiona. Namba za uani kwangu haziwezi kutenganisha visa hivyo. Pia haziwezi kusema kama msimu ni wa wastani, kwa kuwa wastani unaotajwa katika utabiri wa msimu hutokana na kumbukumbu za miaka 30, na daftari langu bado ni jembamba.

Hata hivyo daftari hilo jembamba limekwisha kumpa mzee mwingine heshima yake. Yeye ni mvuvi wa zamani aliyehamia huku kutoka Pangani, na kila mwaka husema kwamba masika haiji maadamu upepo wa kaskazi haujafa, hata kama mawingu yamefunga. Vijana humsikiliza kwa adabu, kisha huangalia simu. Mwezi Machi wa mwaka jana kulikuwa na fukuto kali, na mvua ya milimita 6 ikanyesha siku moja. Watu wakasema imeingia, naye akasema haijaingia. Niliandika namba kila siku pamoja na upande wa upepo. Mvua ya kwanza iliyozidi milimita 20 ilikuja siku tano baada ya kusi, upepo wa kusini, kuanza kuvuma. Mwaka mmoja hauthibitishi kanuni, lakini nilifurahi kwa dhati kumwona akiomba daftari alishike mwenyewe na kupitisha kidole kwenye mstari wa tarehe ile.

Sasa niseme kasoro yenyewe. Milimita 40 hazitoshi kwa masika ya Tanga. Usiku mmoja wa Aprili ilinyesha tangu magharibi hadi alfajiri, na nilipotoka nilikuta kipima mvua kimejaa hadi mdomoni, kimefurika, na hakikuwa na zaidi ya kunieleza. Ingekuwa 45, ingekuwa 120. Namba tuliyoihitaji kuliko zote za msimu ule ndiyo tuliyoikosa, na kijiwe kilirudi kwenye maneno yake ya zamani kwa siku tatu. Nadhani vipimo hivi vimetengenezwa kwa ajili ya bustani za nchi ambako mvua hunyesha kidogo kidogo mwaka mzima, na wanaoviingiza hawakufikiria pwani ya Bahari ya Hindi. Tangu hapo, katika masika, hukisoma na kukimwaga kabla ya kulala, kisha hujumlisha na namba ya asubuhi. Vilevile huweka kando yake sufuria yenye pande zilizonyooka wima, ambayo kina cha maji yake hupimwa kwa rula ya mwanafunzi, kwa kuwa katika chombo cha namna hiyo kina cha maji ndiyo milimita za mvua, chombo kiwe kipana au chembamba. Matone machache huruka nje, na namba hupungua kidogo, lakini ni afadhali kuliko kukosa kabisa.

Kasoro nyingine ni za kawaida na zinavumilika. Jua limefifisha namba za upande wa magharibi, nami nimezichora upya kwa kalamu ya wino usiofutika. Kishikizo kilipata ufa katika kiangazi cha kwanza na sasa kinashikwa na waya. Majani na sisimizi huingia, na maji yakiachwa humo siku kadhaa hugeuka makazi ya mbu, kwa hiyo ni lazima kumwaga kila siku hata kama namba ni ndogo. Mvua ndogo ya mchana ikifuatwa na jua kali hupungua kabla ya saa tatu ya kesho yake. Inyeshapo namna hiyo huisoma mara inapoanua.

Kwa bei ya shilingi 15,000, ningemshauri mtu anayeishi mahali pa mvua chache, kwa mfano Dodoma au Singida, akinunue kama kilivyo, akimwage kabla ya kulala usiku ambao mvua inatisha. Kwa aliye pwani, Unguja, Pemba au miguuni mwa Usambara, ni bora aulize kwanza kile kirefu chenye faneli na bomba la ndani, kinachobeba milimita 150, ijapokuwa bei yake ni kubwa. Mimi nimekwisha kuagiza hicho kwa ajili ya masika ijayo, na hiki cha sasa nitakihamishia shambani.