Ekzosti mpya ya WRX yangu: nguvu imetoka wapi, sauti imetoka wapi

Kila nikiegesha pale Kanyenye lazima mtu aulize nimefunga ekzosti gani, na anayeuliza huwa anachungulia nyuma, kwenye saleinsa. Saleinsa ni nzuri kweli, lakini gari haivuti kwa sababu yake. Inavuta kwa sababu ya bomba ambalo ukisimama nyuma ya gari hulioni: lile linaloanzia mgongoni mwa turbo (feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa) na kushuka pembeni ya gia boksi. Nimeona niandike uzoefu wangu wote, maana hapa Tabora bado watu wanamwaga hela kwenye mkia wa gari halafu wanalalamika kwamba haikubadilika.

Gari ni Subaru Impreza WRX ya 2001, bodi ya GDA, ile ya taa za mviringo. Injini ni EJ205, lita mbili na turbo, gia za mkono. Kiwandani Japani ilitoka na nguvu za farasi 250. Sisi hapa tupo kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza nguvu ambayo Dar ingekuwa nayo. Turbo inaziba sehemu kubwa ya pengo hilo, ila inabidi ifanye kazi zaidi, na ikiwa moshi unabanwa pale unapotoka, inachelewa kuamka.

Sauti kwanza, kwa kuwa ndiyo inayowavuta wengi. Mngurumo ule wa Subaru hautengenezwi na saleinsa. EJ ina silinda zilizolala, mbili kila upande, zinazowaka kwa mpangilio wa 1-3-2-4. Namba 1 na 3 ziko upande mmoja, 2 na 4 upande wa pili, kwa hiyo upande mmoja unapiga mara mbili mfululizo, kisha wa pili unapiga mara mbili. Manifoldi ya kiwandani, yaani mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye silinda, ina mabomba yasiyolingana urefu, moshi wa upande mmoja unasafiri mbali zaidi kabla ya kufika kwenye turbo, na hapo mipigo inapishana na kugandana. Ukiisikiliza gari ikiwa sailensi, yaani imewashwa bila kukanyagwa mafuta, utaielewa. Saleinsa inachofanya ni kuuruhusu mngurumo utoke au kuuzima. Ndiyo maana manifoldi sikuigusa. Kuna jamaa wanafunga manifoldi za mabomba yanayolingana kwa ajili ya nguvu, na nguvu wanaipata, lakini mngurumo unaondoka. Legacy za turbo za Japani kuanzia 2003 zilikuja na mabomba yanayolingana, ndiyo sababu zinapita kimya ukilinganisha na Impreza ya zamani. Mimi ule mngurumo naupenda kuliko farasi watano.

Saleinsa niliyofunga ni Fujitsubo Legalis R, used kutoka Japani, bado ina kile kibati cha JASMA, chama cha Japani kinachothibitisha saleinsa za michezo. Sheria yao kwa magari ya injini ya mbele ya kizazi hiki ni desibeli 96, gari ikiwa imesimama na kipimo kikiwa karibu na mdomo wa bomba. Hilo kwangu lilikuwa muhimu. Nakaa Cheyo, nyumba zimebanana, na natoka alfajiri. Sauti yake ni nzito na ya chini, haina ule mlio wa kopo unaousikia kwenye saleinsa za mdomo mpana zinazouzwa madukani. Ukiwa na gia ya tatu unapandisha mwendo ndipo inafungua kifua. Kwa upande wa nguvu, nilipokuwa na saleinsa peke yake sikuona tofauti ya maana, na sikuitegemea.

Kazi yenyewe ilikuwa daunpaipu, lile bomba linaloshuka kutoka kwenye turbo. La kiwandani ni jembamba, lina kona kali, na ndani lina masega, kile kichujio cha kusafisha moshi. Turbo inazungushwa na tofauti ya msukumo kati ya kabla na baada ya feni yake ya moshi. Ukipunguza mbano baada ya feni, tofauti inakua, na turbo inaamka mapema. Kwa hiyo tulikwenda bomba la inchi 3 kuanzia turbo hadi katikati.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu masega. Gereji moja hapa mjini waliniambia watayabomoa kwa nondo bila kunitoza hata senti. Ofa hiyo ukipewa, jua kwa nini: ndani ya masega kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wapo. Fundi anabomoa bure, anaondoka na vipande vyenye thamani kuliko kazi aliyofanya, na wewe unabaki na kasha tupu ambalo moshi unazungukia ndani yake na harufu ya petroli inakufuata hadi sebuleni. Mimi ya kwenye daunpaipu yameondoka na bomba lake, ambalo nimelihifadhi nyumbani. Ya katikati nimeyaacha. Moshi ni safi, na mlio haukwaruzi.

Fundi niliyempata anashinda akichomelea matangi ya stenlesi ya wachakata asali, na ndiyo maana nilimwendea. Ana gesi ya agoni, ana mkono wa stenlesi, na anajua kuilinda kwa ndani isiungue. Mafundi wengi wa ekzosti huku wanatumia welding ya vijiti, ambayo kwa bomba la chuma la kawaida inatosha, lakini stenlesi ukiichoma hivyo inaweza kupasuka pembeni ya mshono baada ya kupata moto na kupoa mara nyingi. Nilikaa pale nikamtazama. Alichoma vidoti vinne tu kila kiungo, akalifunga bomba kwenye gari, akaniambia niwashe na nikanyage mafuta kwa kushtukiza. Injini ilipotikisika yeye alikuwa chini na tochi, anapitisha vidole viwili kati ya bomba na propela shafti, kisha kati ya bomba na gia boksi. Sehemu moja vidole havikupita. Akalishusha, akakata, akageuza kona kidogo, akarudia. Mshono kamili aliuchoma baada ya hapo. Akamaliza kwa kuziba mdomo wa nyuma kwa kitambaa na kupulizia maji ya sabuni kwenye kila kiungo, gari ikiwa imewashwa; gasketi moja ilitoa mapovu, akaibadilisha palepale. Aliongeza na fleksi, kipande cha bomba kinachopinda, ili injini ikicheza isivute mshono, na akanifungia raba mpya za kuning'iniza. Ufundi wote, bila saleinsa, haukufika laki nne, na bomba nilinunua mwenyewe.

Usiifunge daunpaipu ukaondoka nayo hivyohivyo. Moshi ukitoka kwa wepesi, kile kitundu cha westigeti, mlango wa turbo unaopunguza upepo, kinaweza kushindwa kupitisha moshi wa kutosha pembeni ya turbo, na upepo unaendelea kupanda hata pale unapotakiwa kusimama. Kwangu ilitokea. Kwenye majaribio barabara ya Sikonge, mizunguko ya injini ilipopita 5,000 kwa dakika, mshale wa geji ya busti (upepo wa turbo) ulikuwa unajivuta juu taratibu badala ya kutulia. Niliachia mafuta. Turbo ikafunguliwa, kitundu kikapanuliwa na kulainishwa, na sasa mshale unasimama unapopaswa kusimama. Geji ya busti funga kabla ya bomba.

Kisha kontroli boksi, kompyuta ya injini. Injini ikipata hewa zaidi na mafuta yakabaki kwenye hesabu ya zamani, mchanganyiko unakauka, joto linapanda, injini inaanza kugonga (mafuta yanajilipukia yenyewe ndani ya silinda), na pistoni za EJ hazivumilii kugonga. Tena gari hizi zilipangiwa petroli ya Japani ya oktani 100, na ya pampu zetu iko chini ya hapo, kwa hiyo kuprogramu upya kulihitajika hata bila ekzosti. Fundi wangu wa programu yuko Dar. Mimi naendesha huku, kompyuta inarekodi, namtumia faili kwa intaneti, anarekebisha, ananirudishia. Ametoa moto kidogo kwenye taimingi, yaani plagi zinawasha kwa kuchelewa kidogo, na kuongeza mafuta kwenye mizunguko ya juu. Baada ya hapo ndipo gari ikawa nyingine: zamani turbo ilikuwa inashika vizuri kwenye mizunguko 3,500 hivi, sasa inashika kabla ya 3,000. Kulipita lori kwenye njia ya Nzega sihitaji tena kushusha gia mbili.

Kasoro ipo. Bomba pana lilileta mvumo ndani ya gari ukiwa gia ya tano kwenye mwendo wa safari. Injini ya silinda nne kwenye mizunguko 3,000 inatoa mipigo 100 kwa sekunde, na mlio wa chini hivyo unalifanya bodi lote livume. Ukienda Manyoni kupitia Itigi unashuka kichwa kinauma. Tulikata bomba la katikati tukaweka resoneta, kopo la kupunguza mvumo. Umepungua sana, haujaisha. Abiria wa nyuma bado anausikia. Pia bomba linatoa joto jingi karibu na gia boksi, kwa hiyo limefungwa tepu ya joto sehemu ya juu.

Trafiki hawajanisumbua, na nadhani ni kwa sababu mjini naiendesha kwa gia ya juu, chini ya 50, ikiwa inanong'ona. Ukipita Kitete Hospitali ukiwa unapiga resi, hata mimi sitakutetea.

Kwa wenye Toyota Mark II GX110 na Altezza za injini ya 1G-FE wanaoniuliza kama wafanye hivihivi: hapana. Hamna turbo. Bomba la inchi 3 litaua kasi ya moshi na gari itakuwa nzito kuanzia taa za barabarani hadi gia ya pili. Baki karibu na kipenyo cha kiwandani, nyoosha kona zilizobonyea, weka saleinsa nzuri ya kupitisha moja kwa moja, na utegemee sauti tu. Kwa injini ile ya silinda sita kwa mstari, sauti hiyo ni tamu, na fundi wa matangi ya asali ataifanya kwa nusu siku.