Maana ya neno au mzizi wa Kilatini: tuanzie wapi darasani?

Walimu wa Kiingereza hapa Kampala hatuishi kubishana juu ya hili. Nimefundisha kwa njia zote mbili.

Kwa haraka, maana inashinda. Mwanafunzi anakutana na "drought", unamwambia ni ukame, unamkumbusha Karamoja, eneo kame la kaskazini mashariki mwa Uganda, mnaendelea. Gharama ni kamusi moja na chaki. Shida ni kwamba kila neno linasimama peke yake, na baada ya wiki tatu mengi yameshasahaulika.

Mzizi unachelewa kuzaa, lakini ukizaa hauzai mmoja. Naandika "port" ubaoni, nasema ni kubeba, kisha "import", "export", "transport", "portable". Anayejua Luganda haoni ajabu: okusoma, omusomi, essomero, kama vile Kiswahili kina soma, msomi, somo. Hapo ndipo nyuso hubadilika, na mikono huanza kunyooshwa hata kule nyuma.

Ila mzizi una mitego. "Ped" ya "pedal" ni mguu kwa Kilatini. Ya "pediatric" ni mtoto, tena kwa Kigiriki. Na ile "drought" haina Kilatini hata chembe. Mwalimu asipojiandaa atapotosha.

Wa P7 (darasa la saba) aliyebakiza miezi miwili kufanya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mpe maana ndani ya sentensi. Wa S1 (kidato cha kwanza) anayeanza baiolojia, mwenye miaka minne hadi UCE, mtihani wa kidato cha nne, mpe mizizi miwili kwa wiki na daftari la kuandikia koo za maneno.