Kipimo cha kromiamu cha unga na kadi ya rangi: kinafaa, ila kwa nusu ya kazi

Kwa mfugaji wa perege au kambare Nairobi, kipimo hiki cha maduka ya vifaa vya maabara ni rahisi kutumia. Kromiamu ni metali inayopatikana majini kwa sura mbili, kromiamu 6 na kromiamu 3; kifaa hiki hupima ya 6 tu. Chota mililita 5 za maji, mimina unga, tikisa, subiri dakika 5 hadi 10. Kromiamu 6 ikiwemo, maji hugeuka zambarau, nawe unalinganisha rangi hiyo na kadi. Ukisoma mapema utapata pungufu.

Maji ya matope yachuje kwanza. Chuma kikizidi miligramu 1 kwa lita huleta umanjano unaoharibu rangi. Na usitie asidi kwenye chupa ya sampuli: uchafu wa mimea ukiwemo, asidi huisaidia kromiamu 6 kugeuka 3, nawe utasoma sufuri na kufurahi bure.

Udhaifu mkubwa ndio huu. Viwanda vya ngozi hutumia kromiamu 3, na kifaa hiki hakiioni kabisa. Bwawa likipata maji kutoka chini ya kiwanda cha ngozi, peleka sampuli maabara ipimwe kromiamu yote, pamoja na ugumu wa maji, maana kromiamu 3 huwa kali zaidi kwenye maji laini.

Kadi inaanzia miligramu 0.1 za kromiamu 6 kwa lita. Samaki wengi wa maji baridi huanza kufa kwa wingi ndani ya saa 96 kwenye makumi ya miligramu kwa lita, kwa hiyo kwa kuchunguza chanzo cha vifo kadi inatosha. Lakini kikomo cha Marekani cha muda mfupi ni mikrogramu 16 kwa lita (miligramu 0.016), kwa ajili ya wanyama wadogo wa majini walio dhaifu zaidi. Kiwango hicho cha 16 kadi haikifikii.