Boti ya Malindi (Unguja) kwenda Mkoani (Pemba): injini ilizima tukiwa Nungwi

Nimeipa nyota tatu. Mbili ni za mabaharia, moja ni kwa kuwa tulifika.

Nilisafiri mwezi wa Juni, kusi linavuma, nikiwa na mama yangu mwenye goti bovu na mwanangu wa miaka mitatu. Tuliondoka Malindi saa moja asubuhi kama tiketi ilivyosema. Viti safi, choo safi, mifuko ya kutapikia tuligaiwa mapema. Hapo sina la kulaumu. Kwenye televisheni waliweka filamu moja kwa moja. Jaketi la kuokolea maisha liko wapi, mlango wa dharura ni upi, tukusanyike wapi likitokea la kutokea: hayo hayakusemwa.

Tulipoingia mkondo wa Nungwi, kaskazini ya Unguja, boti ikatetemeka, mngurumo ukapungua upande mmoja, ikaja harufu ya mpira unaoungua. Aliyepita pale wakati wa kusi anajua: boti ikiwa na kasi huyakata mawimbi, ikipunguza mwendo huanza kulala ubavu huku na huku. Watu wakainuka. Bibi mmoja nyuma yangu akaanza Yasini kwa sauti. Sisi Wapemba bahari ile hatuhitaji kuelezwa. Meli ya Spice Islander ilizama huko usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, ikitoka Unguja kwenda Pemba, imejaza watu kupita uwezo wake. Hakuna aliyelitaja jina hilo, lakini nilizitazama nyuso za watu nikajua limo vichwani mwetu sote.

Kipaza sauti kimya. Niliangalia saa yangu: dakika 12 nzima.

Jaketi la kuokolea maisha lilikuwa chini ya kiti, limefungwa kwa kamba, na fundo limekaza hata kucha zangu hazikuliweza. Akaja baharia kijana, akaikata kamba kwa kisu, akamvisha mama kwanza. "Bi mkubwa, pitisha kichwa hapa. Mtandio uingize ndani, usinase kwenye mkanda." Akauvuta mkanda wa kiunoni mpaka mama akaguna. Akatueleza kwamba jaketi likilegea, ukiingia majini linapanda usoni na kukuziba. Akamwonyesha na filimbi iliyofungwa begani. "Ahsante mwanangu," mama akamwambia, na mkono wake hakuuachia.

Nikauliza la mtoto. Akaniletea jingine la mtu mzima. Nilimvisha mwanangu likamfika magotini, na nilipolinyanyua kwa mabegani, jaketi likaja juu na mtoto akachomoka kwa chini. Nikalivua. Nikamfunga kifuani kwangu kwa kanga.

Ndipo nahodha akasema: injini moja imepata joto kali, imezimwa, tunaendelea na iliyobaki, hakuna moto. Maneno ya nusu dakika, na watu wakakaa. Mkoani tulifika tumechelewa saa moja na nusu.

Jioni nilimpigia mdogo wangu, anayefanya kazi jikoni kwenye meli kubwa ya watalii. Swali lake la kwanza: "Dada, kwani hamkufanyishwa mazoezi ya dharura?" Akanikumbusha meli ya watalii Costa Concordia, iliyogonga mwamba kisiwani Giglio, Italia, Januari 13, 2012. Abiria waliambiwa ni hitilafu ya umeme na huku maji yanaingia. Amri ya kuihama meli ilitoka baada ya zaidi ya saa moja, na watu 32 wakafa. Mamia waliopanda siku ile walikuwa bado hawajaonyeshwa chochote, kwa sababu kanuni za wakati ule ziliruhusu mazoezi yafanywe ndani ya saa 24. Siku hizi ni kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka. Na meli za abiria za safari za kimataifa hutakiwa kuwa na majaketi ya watoto yasiyopungua asilimia 10 ya idadi ya abiria.

Siidai boti yetu mazoezi ya meli ya watu elfu nne. Naidai dakika tatu gatini, filamu isubiri, baharia mmoja asimame mbele avae jaketi tukimwona. Zile kamba za chini ya viti zifunguliwe zote. Na injini ikizima, nahodha aseme hapo hapo, hata kama alichonacho ni "tunaangalia, kaeni". Zile dakika 12 ndizo zilizowapandisha watu juu ya viti. Moshi wenyewe hatukuuona.

Safari ya kurudi nilimtafuta baharia kabla boti haijaondoka gatini, nikamwomba jaketi la mtoto. Akashuka chini, akarudi nalo, dogo, bado limo kwenye nailoni yake. Kumbe yapo, yamewekwa stoo. Mwanangu alilivaa kutoka Mkoani mpaka Malindi, akilala nalo, na filimbi ameishika mkononi.